Niliwanong'onezea Wanafunzi wa Uganga Jibu la Ugonjwa Wangu

Ndugu zangu, nimekosa. Nianze na hilo, kabla sijaogopa na kuchana karatasi.

Sikuiba. Sikuloga mutu. Sikuchukua bwana wa mutu. Kwa umri wangu huyo bwana ningemupeleka wapi! Kosa langu ni kunong'ona. Nilinong'ona nikiwa kitandani, katika hospitali moja kubwa hapa Goma, na kunong'ona kwangu nusura kuniingize kaburini. Tena kulimuangusha mutoto wa watu niliyemupenda kama mujukuu wangu.

Jina langu nalificha, naona haya. Ya wengine nitayataja, maana kichwa changu hakisahau jina. Shule niliiacha mwaka wa pili, lakini niulize nani alilala kitanda gani katika salle, yaani wodi, ya wanawake, nitakutajia mpaka jina la mama yake.

Nililazwa juu ya mapafu. Homa, kikohozi, na kitu kama kisu upande wa kuume kila nikivuta pumzi. Binti yangu Asha alinileta na pikipiki, dereva mbele, yeye nyuma, mimi katikati kama gunia la makala ya kupikia, makaa. Nikapewa kitanda karibu na cha Mama Masika, mwenyeji wa Butembo, mwenye ugonjwa wa sukari. Yeye na rozari yake, mimi na tasbihi yangu. Tukimaliza kusali, kila mutu kwa Mungu wake, tulikutana katikati kwa kusengenya.

Kila asubuhi Dokta Bahati alipita kitanda kwa kitanda. Mutu mufupi, miwani mikubwa, na ulimi usio na mufupa. Nyuma yake walifuatana wanafunzi wa uganga, wale tunaowaita stagiaires, wamekuja kujifunzia juu yetu. Walikuwa saba: Espérance, Kambale, Neema, Riziki, Trésor, Deogratias, na kijana mumoja anaitwa Patient. Haki ya Mungu, Patient! Na kwa Kifaransa patient ndiye mugonjwa. Dokta akiita, "Patient iko wapi?" salle nzima tunanyoosha mikono.

Wanafunzi wale walinishika-shika jamani! Koko, yaani bibi, keti. Koko, geuka. Koko, vuta pumzi, kohoa, sasa sema trente-trois, thelathini na tatu ya Kifaransa. Wananiwekea mikono mugongoni, mimi nasema trente-trois. Mupaka leo sijui kwa nini trente-trois na si trente-quatre. Mama Masika aliniambia, "Mwenzangu, utakufa na trente-trois mudomoni, malaika watafikiri ndiyo shahada yako." Nikamucheka mpaka kisu kikanichoma.

Sasa sikieni kosa lilipoanzia.

Asubuhi moja Dokta alimusimamisha Espérance mbele ya kitanda changu. Binti mwembamba, mutoto wa mji mudogo wa Kiwanja, mama yake anauza maharagi katika soko ya kule. Huyo ndiye alikuwa akinichana nywele kama Asha amechelewa, akinipozea uji, akiniuliza habari za marehemu muzee wangu na safari zake za Kasongo. Dokta akamuambia amusikilize Koko mugongo, aseme anasikia nini.

Akaweka mipira yake ya kusikilizia masikioni. Akasikiliza. Akasogeza. Akasikiliza tena.

"Nasikia… pumzi, Dokta."

"Pumzi? Hata mbuzi iko na pumzi! Ulisikiliza mapafu ao ulisikiliza redio?"

Wenzake wakacheka. Espérance akainama, machozi yakaanguka juu ya shuka yangu. Moyo wangu ukakatika, wallahi.

Dokta alipoenda, Espérance alirudi peke yake. "Koko, nisamehe, nijaribu tena." Akajaribu, akatikisa kichwa. Mwisho akachoka, akanivalisha mipira ile mimi mwenyewe. "Sikia wewe, Koko. Mimi sisikii kitu."

Nikasikia! Upande wa kuume, chini kabisa, kila nikivuta pumzi: kra, kra, kra. Sauti hiyo naijua tangu utoto. Ninyi mulio mbali, makoro ni yale mawe ya volkano tunayojengea nyumba na kukanyaga kila siku hapa Goma. Nikamuambia, "Mutoto, ni kama mutu anapita juu ya makoro madogo-madogo. Hapo tu. Sikiliza."

Akasikiliza, macho yakafunguka. "Eee, Koko! Makoro!"

Kesho yake alimujibu Dokta bila kutetemeka: chini, kuume, kama makoro. Dokta akapiga makofi. "Makoro! Très bien! Hiyo ni sikio."

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini sifa ni pombe, ndugu zangu, na mimi Muislamu sikuwa nimezoea kulewa.

Neema akaja, "Koko, Dokta atatuuliza nini?" Nikamunong'oneza. Riziki akaja, nikamunong'oneza. Trésor alikuja na ndizi mbili, huyo nikamunong'oneza mara mbili! Nilijua pia dawa yangu, saa zake, na maneno ya karatasi ya picha ya kifua, maana Dokta alikuwa akiyasema juu ya kichwa changu kama sina masikio. Wakaanza kuniita Koko Profesa. Mimi, niliyeachia shule mwaka wa pili, profesa! Dokta alituambia tutembee kwenye kolidoro asubuhi na jioni. Mama Masika na sukari yake alitembea. Mimi nilikaa kitandani nikipokea wanafunzi kama mwami, mufalme wa kijiji, anapokea wageni.

Mumoja tu alinikatalia. Kambale. Nilipofungua mudomo akaweka mukono mbele. "Koko, tafazali, usiniambie."

"Nakusaidia, mutoto."

"Najua. Lakini nikisikia mudomo yako, sitasikia mapafu yako."

Nilichukia! Mutoto gani huyu anakataa zawadi ya muzee? Na alikuwa na mikono baridi, polepole, ananipindua kama mukate kwenye mafuta. Anaanzia kichwani, macho, ulimi, shingo, tumbo, mpaka vidole vya miguu, wakati wenzake wamekwisha kuondoka. Nikamubatiza Kichwa-Ngumu. Mama Masika, ambaye ni kabila lake, akanirudi: "Kichwa kigumu ndicho kinabeba muzigo." Sikumusikia.

Basi mwisho wa stage yao, yale mafunzo yao ya hospitali, ukakaribia. Kila mwanafunzi atapewa mugonjwa mumoja, amupime kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha amuambie Dokta amekuta nini. Ukipita, umemaliza. Ukianguka, unarudia stage nzima, miezi mitatu, wenzako wakiwa wamekwisha kula kiapo na kupata diplome. Kule Kiwanja mama yake Espérance alikuwa amekwisha kushonesha kitenge cha sherehe. Mutoto mwenyewe alinionyesha picha yake kwenye telefone, kitenge cha ndege wa bluu.

Mukubwa wa wauguzi, Mama Béatrice, akaniuliza, "Koko, ni mwanafunzi gani umemuzoea?" Nikajibu mbio, "Espérance!" Akaandika.

Espérance akanikumbatia. "Koko, ni wewe? Basi nimepita!"

"Umepita, mujukuu. Makoro, chini, kuume. Lala usingizi."

Juma hilo Dokta Bahati hakuwepo, alikuwa na kazi Rutshuru. Dokta aliyeshika nafasi yake alipita mbio kama anafukuzwa na nyuki. Na ndani ya siku hizo muguu wangu wa kushoto ukaanza.

Kwanza ulikuwa muzito. Kesho yake ukavimba, chini ya goti, nyama ya nyuma ikawa ngumu na moto. Asha alipokuwa akiniogesha akashituka.

"Mama, huu muguu umefanya nini?"

"Funika."

"Mama, umevimba! Nimuite muuguzi."

"Nimesema funika! Ukinisemea, nitakukana mbele ya watu. Unataka mutoto Espérance aanguke? Yeye amejifunza mapafu. Nikileta muguu, Dokta atabadilisha maswali!"

Mumesikia? Hiyo ndiyo akili yangu ya siku ile. Nilifikiri ugonjwa ni somo la kukariri, na nikiongeza ukurasa nitamuharibia mutoto daftari. Nikamuambia Asha aukande na maji ya moto, aukande kwa nguvu. Akaukanda, analia. Nikavaa kitenge changu kirefu, nikafunika mpaka vidole. Na muganga aliyepita akiuliza, "Koko, uko aje?" najibu, "Niko bien, muzuri kabisa!" Sisi wazee wa hapa, hata nyumba ikiungua tunajibu tuko bien.

Siku ya mutihani ikafika. Dokta Bahati amerudi, amekaa kwenye kiti, kalamu mukononi. Wanafunzi wote saba wamesimama, kila mutu anasikiliza wa mwenzake. Espérance akaja kwangu na blouse nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Akanipima haraka: jicho, ulimi, mugongo, trente-trois. Kitenge hakukigusa. Mimi nikamukonyeza. Musinicheke, nilimukonyeza!

Akageuka kwa Dokta, akasema vizuri sana, kama mutu wa redio. Koko, umri huu, homa, kikohozi, na akisikiliza mapafu, chini upande wa kuume, anasikia sauti kama makoro.

Dokta akaweka kalamu chini. "Makoro unayasikia leo?"

"Ndiyo, Dokta. Leo."

Akasimama, akaniwekea mipira yake mugongoni. Vuta pumzi, Koko. Tena. Tena. Akamuita Neema. "Wewe unasikia nini?" Neema akaweka sikio, akatutazama, akameza mate. "Makoro, Dokta." Trésor? "Makoro." Riziki na Deogratias? "Makoro kidogo." Patient, masikini, akasema, "Makoro makubwa."

"Ajabu!" Dokta akasema. "Mugongo huu umepona. Ni safi kama wa mutoto muchanga. Dawa imefanya kazi, makoro yamekwisha siku nyingi. Na nyote munayasikia! Nani aliwapa hilo neno?"

Mama Masika akakohoa ndani ya rozari yake. Mimi nikatazama dari, kama nahesabu mabati.

Dokta akamugeukia wa mwisho. "Kambale?"

"Mimi sisikii makoro, Dokta. Lakini tangu jana Koko hakunji muguu wa kushoto. Leo akigeuka anauvuta na mukono. Naomba niuone."

"Usiguse!" nikalia. Nilitaka kusema usiniguse juu ya heshima, wewe kijana na mimi muzee. Lakini Dokta alikuwa amekwisha kumuita Mama Béatrice, na Mama Béatrice hana mizaha. Kitenge kikafunuliwa.

Kambale akatoa mfukoni mita ya fundi wa nguo. Akapima muguu wa kuume. Akapima wa kushoto, mahali palepale. Akamuonyesha Dokta. Halafu akaniuliza kwa upole, "Koko, nani amekuwa akiukanda?"

Asha, kule mulangoni, akapiga goti. "Ni mimi. Yeye alinikataza kusema."

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Wakanilaza, muguu juu ya mito, "usishuke, usitikisike!" Wakaniingiza katika chumba cha mashini inayoona ndani ya nyama. Kumbe damu ilikuwa imeganda ndani ya mushipa, juu ya kulala-lala bila kutembea. Dokta Bahati akaja, akavua miwani.

"Koko, hilo donge la damu likibanduka, linapanda mpaka kwenye mapafu. Kwa kulikanda mulikuwa munalisukuma. Kesho tungekuwa tunakuzika, na trente-trois yako."

Hapo kicheko kikanikauka.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Espérance aliandikiwa ameanguka. Wale wengine walikuwa na wagonjwa wao wa mutihani, wakafokewa sana, wakapita. Yeye mugonjwa wake ni mimi. Alinifuata mpaka kitandani, blouse imekunjamana, akasimama mbali.

"Koko, ulijua muguu unauma?"

"Nilijua, mujukuu."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu! Nikakuchana nywele, nikakuuliza uko aje, ukanijibu uko bien. Ungenisemea! Hata kama ningeanguka, ungenisemea. Ungekufa mukononi mwangu, Koko, ningeishi aje?"

Akaondoka bila kuniaga. Asha alileta sombe, majani ya muhogo, na samaki, harufu tu ikanishibisha.

Asubuhi iliyofuata, Dokta alipopita, nikaomba ruhusa mbele ya watu wote. Nikasema: Dokta, mukosaji ni mimi. Neno makoro ni la kwangu. Wote niliwapa, isipokuwa Kambale aliyekataa. Muguu niliuficha mimi. Mufute, andika jina langu, umupitishe Espérance.

Dokta akacheka, mutu muzima akashika nguzo ya kitanda!

"Koko, nimefundisha miaka mingi. Nimekamata wanaoibia na karatasi, na telefone, na mukono ulioandikwa. Sijakamata mugonjwa anayeuza ugonjwa wake!"

"Sikuuza, Dokta. Trésor tu ndiye alileta ndizi."

Salle ikaanguka kwa kicheko, Trésor akajificha nyuma ya Deogratias. Lakini Dokta hakukubali. Aliniambia polepole: mugonjwa wa kwanza wa Espérance kule kijijini hatakuwa na Koko pembeni ya kumunong'oneza. Atakuwa mama amefunika muguu, anasema niko bien. Arudie.

Akarudia. Miezi mitatu. Kitenge cha ndege wa bluu kikakaa katika valise, sandukuni.

Mimi nilichomwa sindano za tumbo mpaka nikafanana na kitambaa cha fundi. Kisha nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, nikarudi nyumbani kwa Asha. Kambale alikuja kuniaga. Nikamuambia nisamehe, nilikuita Kichwa-Ngumu. Akasema, "Nilikuwa najua, Koko. Mama Masika aliniambia siku ileile." Munaona jirani!

Sasa, stage ya Espérance ikiwa ukingoni, nilienda hospitali kwa kontroli, kupimwa tena. Dokta Bahati akaniona kwenye banki, kile kiti kirefu cha kungojea. Macho yakamungaa.

"Koko, uko na kazi leo?"

"Kazi gani?"

"Kulala kitandani na kunyamaza."

Nikajua ni mutihani wa Espérance. Nikalala. Akaingia Espérance, amenenepa kidogo, aliponiona akasita. Dokta akaninyooshea kidole: "Neno moja, Koko, naita askari." Nikabana midomo. Enyi watu! Kuzaa watoto sita hakukunipa taabu kama kunyamaza siku ile.

Akaanza kichwani. Hakukimbia. Macho, ulimi, shingo. Mugongo akausikiliza juu, chini, kulia, kushoto, mimi natazama ukuta. Akafunua miguu yote miwili, akatoa mita yake mwenyewe, akapima. Nikafikiri amemaliza, Alhamdulillahi, nilitaka kushuka.

"Bado, Koko." Akapandisha mikono ya nguo yangu. Akaona madoa meusi mikononi, makubwa kama sarafu za franga za zamani.

"Nani amekupiga?"

Nikamutazama Dokta. Akanipa ruhusa. "Nani anipige, mutoto? Muzee wangu alikufa! Hayo ni ya uzee."

"Yalianza lini?"

"Juma hili."

"Ukipiga mswaki, damu inatoka?"

Nikashangaa. Inatoka, ndiyo, kila asubuhi. Hata Asha sikumuambia, nilifikiri ni meno ya kizee yanaaga. Hakuna mutu duniani aliyejua, na mimi mwenyewe sikujua kama ni kitu cha kujua.

Espérance akageuka. Sauti yake haikuwa ya redio safari hii, ilikuwa ya mutu anayeogopa kwa ajili ya mwenzake. "Dokta, nafikiri vidonge vimekuwa vikali kwake. Damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Tumupime leo, asiende nyumbani."

Dokta Bahati alinishika mukono, akatazama madoa, akafungua midomo yangu akatazama ufizi. Hakuwa ameyaona. Alikuwa amenileta kwa ajili ya muguu.

Wakapima. Ilikuwa kweli. Vidonge vikapunguzwa, na ndiyo maana naandika badala ya kuandikiwa.

Alipita. Nilipiga vigelegele ndani ya hospitali mpaka Mama Béatrice akatishia kunitoa nje.

Wagonjwa wenzangu, na ninyi munaolinda wagonjwa, nawaonya. Mukisikia maumivu mapya, semeni, hata kama yanaharibu mipango ya watu. Usijibu uko bien kama hauko bien, adabu hiyo iweke kwa wageni. Na ninyi watoto mulio katika stage, muzee akianza kuwanong'oneza, zibeni masikio.

Ukimupenda mwanafunzi, mupe mugongo wako. Mupe miguu yote miwili, mupe ulimi, mupe na trente-trois akitaka. Jibu umunyime.